Fundi Anayeuogopa Usukani

Saa tatu asubuhi, katika soko la Matiliku, Makueni, Jeremiah Muthama amelala chali ndani ya gari la kijivu lililoundwa mwaka wa 1977. Miguu yake imetokeza nje ya mlango. Usukani umeng'olewa. Kando yake, juu ya kigoda, kuna trei ya mayai, na katika kila shimo ameweka skrubu moja, springi moja au pini moja, kwa mpangilio uleule zilivyotoka.

Anachomoa kitambaa cheupe kutoka ndani ya bomba la usukani, anakiinua juani, anakitazama pande zote mbili. Kina chembe tatu za rangi ya dhahabu, ndogo kuliko chumvi.

"Bado," anasema, na kuchukua kitambaa kingine. Hiki ni cha saba.

Kibao cha gereji yake kinasema: REJETA, PANCHA, EKZOSI. Juu ya maneno hayo kuna mstari mmoja uliofunikwa kwa rangi nyeusi. Uliandikwa USUKANI NA IGNISHENI. Aliufunika mwenyewe miaka kumi na miwili iliyopita, ingawa kazi hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wake wanne. Siku hizi, siku njema humpa shilingi elfu moja na mia mbili.

Gari hili ni la Mama Katunge, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja. Mumewe, Mzee Mwau, alizikwa mwezi wa Agosti akiwa amevaa koti lake la kanisani. Siku ya tatu baada ya mazishi, watu walipotaka kulisogeza gari ili wakunje hema, ufunguo haukuonekana. Ndipo Mama Katunge alipokumbuka mfuko wa ndani wa lile koti.

"Mimi ndiye nilimvalisha," anasema, akiwa ameketi kwenye kiti ambacho Muthama alimpangusia vumbi kwa shati lake. "Miaka arobaini na tatu nimeangalia mifuko yake kabla ya kufua. Siku hiyo moja sikuangalia."

Hakuna ufunguo wa pili, kwa hiyo ignisheni lazima itobolewe na kuwekwa mpya. Majirani walisema mzee amekataa gari lake liendeshwe. Mafundi wawili walikuja, wakasikia habari ya koti, wakaondoka bila hata kufungua mlango.

"Hao waliogopa marehemu," anasema Muthama kutoka chini ya dashibodi. "Mimi marehemu hana shida na mimi. Naogopa stering."

Ana sababu. Mwaka wa 2013 alitoboa ignisheni ya pikapu iliyopoteza ufunguo. Alipomaliza aliingiza sumaku ndani ya bomba ili ivute vumbi la chuma. Sumaku ikatoka safi, naye akafunga usukani.

"Sumaku haishiki shaba," anasema polepole. "Nilijua. Mtoto wa darasa la nne anajua. Lakini nilikuwa na haraka, na watu walikuwa wananisifu."

Kipande cha shaba kama punje ya mtama kilibaki ndani. Wiki mbili baadaye, kwenye kona ya pili ya mteremko unaoshuka mtoni, kilikwama mahali ambapo ulimi wa kufuli la usukani huingia. Usukani ukakataa kurudi. Dereva, Nyamai, alikuwa amebeba machungwa. Pikapu ikaingia korongoni, na mguu wake wa kushoto ukakatwa chini ya goti.

Muthama alikwenda hospitalini akitarajia matusi. Nyamai alimsogezea kikombe. "Kunywa chai, fundi. Umekonda kuliko mimi, na mimi ndiye nimekatwa."

Tangu hapo hakugusa usukani wa mtu. Wateja walibembeleza, akakataa. Kisha mwezi uliopita Mama Katunge akaja, akasema ametumwa na Nyamai.

"Aliniambia nisitafute fundi jasiri," anakumbuka mama huyo. "Aliniambia, 'Nenda kwa Muthama. Hakuna mtu hapa Makueni anaogopa stering kama yeye.'"

Mama Katunge ana haraka yake. Dada yake mkubwa ni mgonjwa huko Kwa Vonza, Kitui, na madaktari wamemrudisha nyumbani. Mgongo wa Mama Katunge hauwezi safari ya kubadilisha magari matatu. Binti yake, Wayua, atamwendesha, pamoja na wajukuu wawili. Kila Muthama anapokitazama kiti cha nyuma, anawaona hao wajukuu.

Na gari lilikuwa na siri nyingine. Usukani wake ni ule wa kupandishwa na kushushwa kumfaa dereva, na ulikuwa ukicheza kama jino bovu. Ndani kabisa, bolti nne hushika kichwa cha bomba. Tatu zilikuwa zimelegea.

"Mzee aliendesha hivi kwenda kanisani kila Jumapili," Muthama anasema, akitikisa kichwa. "Mungu alikuwa anashika hiyo ya nne."

Kitambaa cha tisa kinatoka cheupe. Cha kumi pia. Anaingiza cha kumi na moja. Mama Katunge, ambaye ndiye aliyechana shuka lake la harusi kutengeneza vitambaa hivi, hamharakishi. Anaendelea kumenya njugu na kumwekea kwenye kifuniko cha sufuria.

Saa sita bolti zote nne zimekazwa, usukani umerudi mahali pake na trei ya mayai ni tupu. Gari likiwa juu ya jeki, Muthama anauzungusha usukani kulia na kushoto mara mia moja, akihesabu kwa Kikamba. Anaupandisha, anaushusha, anahesabu tena. Kisha anaingiza ufunguo mpya, na injini inakohoa na kuwaka. Mama Katunge anafunika uso kwa leso.

Limebaki jaribio la mwisho. Muthama amechagua mteremko uleule wa mtoni, na amesema atakwenda peke yake.

Lakini mlango wa upande wa pili unafunguliwa. Nyamai, aliyekuja kutazama kazi ikiisha, anaingiza mkongojo wake kwanza, halafu anajiingiza mwenyewe.

"Toka, Nyamai."

"Sitoki. Hiki kiti nilikilipia zamani."

"Sina mchezo leo."

"Hata mimi. Washa gari, fundi, jua ni kali."

Gari linashuka taratibu. Kona ya kwanza inapita. Jasho linamdondoka Muthama kidevuni. Wanapoingia kona ya pili, korongo likiwa wazi kushoto, kunasikika sauti: tik. Muthama anakanyaga breki hadi matairi yanalia.

"Ni mkongojo wangu," Nyamai anasema taratibu. "Umegonga mlango."

Nyamai anaweka mkono juu ya mkono wa Muthama, pale pale kwenye usukani, na kuuacha hapo mpaka Muthama aachie breki. Kisha wanashuka kona ya tatu, wanageuza mtoni, wanapanda.

Waliporudi sokoni, Muthama aliung'oa usukani tena. Alipitisha kitambaa cha kumi na mbili. Kilitoka cheupe, ndipo akaufunga.

Saa nane kasoro robo, Wayua anaketi kwenye usukani, wajukuu nyuma. Muthama anampa Mama Katunge ufunguo kwa mikono miwili.

"Mwaitu, mama, mkifika nipigie. Hata kama ni kusema tu mmefika."

"Nitakupigia, mwanangu. Na wewe ule hizo njugu."

Hakuzila. Aliketi kwenye kigoda, simu ikiwa juu ya trei ya mayai, Nyamai kando yake akiongea habari za mvua. Pikipiki ilipopiga honi barabarani, alisimama.

Saa kumi na moja simu inalia. Sauti ya Mama Katunge inasikika hadi kwa Nyamai: wamefika, dada yake ameamka na kumtambua, na anauliza gari la nani hilo linalonguruma uani.

Muthama anarudisha simu juu ya trei. Anavuta kifuniko cha njugu karibu na kutafuna ya kwanza.

"Sasa utatoa ile rangi kwenye kibao?" Nyamai anamuuliza.

Muthama anautazama ule mstari mweusi. Anasema petroli ya kuifutia anayo, na brashi anayo, na mstari huo anataka uonekane tena kabla ya Krismasi.

"Lakini wanarudi Jumatatu," anasema. "Wacha warudi kwanza."