Baiskeli za Amana Zilipoingia Maji

Nilifika Malindi mwanzoni mwa miaka ya themanini, baada ya safari ya siku nne. Nilitoka Kimilili kwa lori la mahindi, nikapanda garimoshi hadi Nairobi, na jingine hadi Mombasa, kisha basi hadi Kilifi. Daraja lilikuwa bado halijajengwa, kwa hiyo tulishuka tukangoja kivuko. Tulipofika ng'ambo, basi la kuunganisha lilikuwa limekwenda zake. Safari iliyobaki niliimaliza nyuma ya pikapu lililobeba magodoro. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na sikumjua mtu yeyote. Wakati ule sikuweza kukaa mahali pamoja, na hata sasa naona kazi.

Asubuhi ya pili nilipita mbele ya duka la kukodisha baiskeli katika mji wa kale. Fundi alikuwa akinyoosha rimu peke yake, gurudumu likimponyoka. Nikamshikia. Nilishika mpaka adhuhuri bila yeye kuniuliza jina. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini.

Fundi yule aliitwa Katana, Mgiriama wa Marafa, na aliniita Mbara, yaani mtu wa bara, mpaka siku niliyoondoka. Mwenye duka alikuwa Mzee Athmani, ambaye ukoo wake ulitoka visiwa vya kaskazini. Alikaa mlangoni kwenye kiti cha ukili, akijibu shikamoo ya kila mpita njia kana kwamba ndiyo ya kwanza siku hiyo.

Vijana wanaofungua baiskeli leo waelewe kwamba pale dukani kulikuwa na baiskeli za aina mbili. Za kodi zilikuwa za watalii, zote za muundo mmoja, zimepakwa rangi ya kijani. Kila mwezi tulizifungua zote kwa pamoja: magurudumu huku, cheni kule, na gololi, yaani zile chembe za chuma zinazofanya gurudumu lizunguke kwa wepesi, tulizitia katika karai moja la mafuta ya taa. Wakati wa kufunga, mtu alichukua kilicho karibu na mkono. Kazi ilikwenda haraka na hakuna aliyedhurika.

Za pili zilikuwa za amana. Mtu akienda Arabuni kutafuta kazi, au akiugua, alileta baiskeli yake kwa Mzee Athmani ihifadhiwe. Mzee hakutoza chochote. Mji mzima ulijua kwamba kilichowekwa kwake kinarudi vilevile kilivyokuja. Ziliwekwa katika stoo ya chini, chumba kilichochimbwa zamani chini ya nyumba kwa ajili ya nafaka. Ulishuka ngazi kumi na moja. Kulikuwa na baiskeli thelathini na mbili, na mimi, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri wa shule, nilizifunga vipande vya karatasi ngumu vyenye majina kwa wino wa buluu. Nilijivunia vikaratasi vile.

Mwaka wangu wa pili masika yalikuja mazito, na siku ya tano ya mvua yakakutana na bamvua, yale maji makuu ya bahari yanayopanda mwezi unapokuwa mpevu. Kisima cha uani kilifurika kwa chini. Nilipofungua mlango wa stoo asubuhi, niliona ngazi nne tu. Mishikio ilichungulia juu ya maji kama pembe za mbuzi, na vikaratasi vyangu vilielea vyeupe, havina jina.

Katana alikuwa Marafa, matangani. Mzee alisimama juu ya ngazi, kanzu ameikunja mkononi. Aliniambia nifanye niwezalo, ila zisioze.

Tulikomba maji kwa madebe siku nzima pamoja na majirani. Yalikuwa na chumvi, na chumvi ikiingia kwenye gololi ikakaa siku chache, ekseli imekufa. Zilitaka kufunguliwa zote, zioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, zichovywe mafuta ya taa, zipakwe grisi. Nikazifungua kwa njia pekee niliyoijua: magurudumu huku, cheni kule, na vidogo vyote katika karai moja.

Katana aliporudi siku ya tatu, alizunguka yale mafungu polepole.

"Umechinja mbuzi wa kijiji kizima, Mbara," alisema. "Sasa kila mtu atakula nyama ya jirani."

Fremu alizijua zote kwa macho, na kila moja akamtaja mwenyewe wake. Vitu vingine havikutambulika. Tulizifunga kwa kubahatisha. Fremu mbili zilikuwa zimeoza kwa kutu, wenyewe wakasema zitupwe, na Mzee akaniruhusu nitumie vyuma vilivyobaki kwenye fremu kuukuu niliyokuwa nayo. Ndivyo nilivyopata baiskeli yangu ya kwanza.

Katana alinitaka nimwambie Mzee kwamba nimechanganya. Yeye hatasema, alisema, kwa sababu mikono haikuwa yake. Sikusema. Niliogopa kufukuzwa, na nilijiambia kwamba chuma ni chuma. Katika miezi sita iliyofuata watu kumi na wawili walikuja kuchukua zao, na hakuna aliyelalamika.

Kisha akaja Mzee Kahindi wa Magarini, akiongozwa na mkewe. Alikuwa akichuuza samaki wakavu kwa baiskeli mpaka macho yakampotea. Sasa alitaka kumpa mkwe wake ile baiskeli. Alichuchumaa, akaipapasa.

"Fremu ni yangu. Mkwaruzo huu ni wa mnazi wa Mambrui. Ulikuwa katikati ya njia, mnazi ule."

Akainua gurudumu la nyuma, akalizungusha, akatega sikio. Akalizungusha tena.

"Athmani, hii yalia kama mtu mgeni."

Alimaanisha friweli, kile kidude cha meno cha gurudumu la nyuma kinachotoa mlio mtu akiacha kukanyaga. Ya kwake, alieleza, ilikuwa na kijino kibovu ndani: yalia mara tatu, yapumzika, yalia mara tatu.

Mzee Athmani akanigeukia. "Mwanangu, hivi ndivyo ilivyoingia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Katana alikuwa akikaza spoki na hakuinua kichwa. Nilisema sivyo, nilizifungua zote katika karai moja. Mzee aliagiza kiti kwa ajili ya Kahindi, akaniamuru nizipandishe zilizobaki, moja moja.

Nilipandisha kumi na saba, nikazungusha kila gurudumu mbele ya yule kipofu.

"Huyu ana kikohozi," alisema. Ya pili: "Huyu ana njaa, mpe mafuta." Nyingine: "Huyu mwongo, ajifanya mimi." Hata Katana alicheka. Lakini zikaisha, na yake haikuwamo.

Mzee akasema basi zitafutwe zile kumi na mbili, nyumba kwa nyumba, kuanzia Muyeye, alasiri ileile. Nikaenda kuchukua baiskeli yangu ukutani, nikaikokota kupita mlangoni.

Kahindi akainua mkono.

"Ndiye huyo. Apita mlangoni."

Mzee Athmani aliiangalia baiskeli kwanza, kisha akaniangalia mimi.

"Hukuiba. Vyuma nilikupa mwenyewe," alisema. "Lakini Katana aliporudi ulijua. Na miezi sita umenisalimu kila asubuhi."

Nimekemewa na mabwana wengi tangu wakati ule, baadhi yao kwa matusi. Sikumbuki walichosema.

Hakunifukuza. Nilirudisha friweli mahali pake, nikaikokota baiskeli hadi Magarini pamoja na Kahindi na mkewe. Njia nzima alishika kiti cha baiskeli, akisikiliza, na kwenye daraja la Sabaki aliniomba niende polepole kwa sababu upepo ulimzuia kusikia.

Ilinichukua zaidi ya mwaka kuwazungukia wale kumi na wawili. Wengine tulibadilishana vyuma, na vya baiskeli yangu vikaisha kimoja kimoja, magurudumu pia. Mmoja wa Muyeye alinifukuza, akasema baiskeli yake haijawahi kwenda vizuri hivyo. Kuanzia hapo kila baiskeli ya amana ilifungwa kibati kilichogongwa namba kwa msumari, na mwenyewe akapewa cha pili chenye namba ileile. Ikifunguliwa, ilifunguliwa peke yake, vyuma vyake katika kopo lake. Nimefundisha hivyo kila karakana niliyopita, kabla mikono haijakataa kazi.

Miguu iliniwasha tena mwishoni mwa miaka ileile ya themanini. Nilikwenda kuaga nikiwa na begi tu. Mzee Athmani aliuliza ile fremu yangu nampa nani. Nikasema haina magurudumu, itupwe.

"Kwani mimi nilikuuliza magurudumu?" alisema. Akamwita Katana alete msumari na vibati viwili.

Niliishusha mwenyewe ngazi zile kumi na moja, nikaiegemeza ukutani palipobaki alama ya maji. Basi liliondoka kabla ya adhuhuri. Nimekaa miji saba tangu siku hiyo, na hakuna mwingine ulioniwekea kitu. Namba yangu ni thelathini na tatu. Kibati ninacho.