Keki ya Papa Kataliko

Papa Kataliko, mzee wa mtaa wa Murara, aliwatambia majirani kwamba wageni wake, waliokimbia vita Kibumba, watakula keki kwake. Kumbe unga ulimwishia! Akachota kimya katika mfuko wa unga wa msaada wa mgeni wake, mama Nyirarukundo, akakoroga na sukari na maziwa, akaumwaga juu ya mananasi ndani ya sufuria, akapanga makaa ya moto juu ya kifuniko.

Ikaiva, ikanukia.

“Muzee, hii unga umetoa wapi?” jirani akauliza.

Kataliko, mwenye mdomo kushinda redio, akajitia kukata keki. Nyirarukundo akatazama mfuko wake, uliofungwa kwa fundo lisilo lake.

“Ni yake,” akajibu. “Huyu papa anatulishaka siye na watoto.”

Majirani wakamsifu. Kataliko akawasogezea watoto sahani yake, eti jino linamuuma. Jino gani!