Kitanda cha Bibi Kilicholala Wazi

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa dukani, nyumba yetu ya Muyeye ilikuwa na kitanda kimoja chenye masharti. Vingine vyote vilikuwa vitanda tu: unaruka juu yake, unamwaga chai, unachapwa, kesho unaruka tena. Kitanda cha Bibi hakikuwa hivyo. Alikuja nacho kutoka Lamu alipoolewa na babu yangu, kikiwa vipande vipande vilivyofungwa ndani ya mkeka, na kwa maneno yake mwenyewe hakuna bibi harusi mwingine Malindi nzima aliyewahi kuingia na mbao nzito namna ile. Hakikuwekwa godoro la duka. Kilikuwa kimewambwa kwa kamba ya usumba, ile inayosokotwa kwa makumbi ya nazi, na juu ya kamba mkeka, na juu ya mkeka Bibi.

Sharti lililotutisha lilikuwa hili: kitanda kikishafunguliwa kamba na kuanza kuwambwa upya, ni lazima kimalizwe kabla ya jua kutua.

"Hakilali wazi," Bibi alikuwa akituambia. "Kitanda kikilala wazi hutaka mtu."

Hatukuuliza kinamtaka mtu wa nini. Sauti yake ilitosha. Mama yangu alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, mtu wa vitabu na wa utani, na maneno hayo yalimchekesha waziwazi. "Kwani, Mama, hicho ni kitanda au ni fisi?" Bibi alikuwa mama mkwe wake, lakini walitaniana hivyo mchana kutwa, mmoja akichambua mchicha na mwingine akikuna nazi. "Cheka tu, mwanangu," Bibi alimjibu. "Meno ni yako."

Kaskazi moja, miezi ya joto, shule zikiwa zimefungwa, alikuja Ami Swaleh. Ni mdogo wake baba, seremala katika karakana moja iliyotengeneza vitanda vya mahoteli, na alikuwa na likizo isiyokuwa na kazi ya kufanya. Baba mwenyewe alikuwa Gongoni kwenye kazi ya chumvi na alirudi mwisho wa juma tu. Basi Ami akatazama huku na huku, akaona kamba za kitanda cha mama yake zimelegea mpaka Bibi akilala anazama katikati na hainuki bila kuvutwa. Akasema atakitengeneza kiwe kama siku ya harusi. Bibi alijifanya hataki. Tulijua anataka, kwa sababu aliuliza ataanza lini.

Zile zilikuwa siku nzuri, na nikizikumbuka bado nafurahi, hata nikijua zilikuwa zinatupeleka wapi. Kitanda kilitolewa uani, jirani na bustani ya Mama. Babu alikuwa amekipaka rangi ya kijani zamani sana, rangi iliyobaki baada ya kupaka milango, na Ami akaikwangua polepole kwa kipande cha chupa, kisha kwa msasa, mpaka maua yaliyochongwa kwenye mbao yakatokea moja moja. Bibi aliyapapasa kwa kidole. "Hili nililisahau," akasema. "Na hili." Kazi yangu ilikuwa kubeba maji. Kaskazi haina huruma na bustani. Ukikosa jioni moja tu, mchicha unalala chini kabisa, na bamia zinakunja majani. Mdogo wangu Twahir, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anasimama kwa kushika ukuta, alitambaa kutoka kwenye maji mpaka kwenye vumbi la mbao na kurudi, akawa rangi ya kahawia mwili mzima. Mama alimwita fundi msaidizi.

Siku ya kuwamba ilipofika, Ami alitaka kupitisha kamba mojamoja, vile ifanyikavyo siku hizi, upesi na imara. Bibi akasimama juu yake.

"Hivyo ni vya kulalia wageni," akasema. "Changu kilikuwa na macho."

Macho aliyoyataka ni mapambo ya kwao: kamba zinakwenda mbili mbili na kupishana hata zikatoa vidirisha vidogo vya pembe nne kitanda kizima. Ami hakuwa amewahi kuyafanya. Bibi akaketi kwenye kigoda akamwelekeza, pitisha hapa, vuta, rudi nyuma, na yeye mtu mzima mwenye ndevu akafuata bila kubisha, kwa sababu alimpenda mama yake. Nadhani hakuna aliyekuwa na furaha kama wale wawili asubuhi ile. Ila macho hula kamba, na kamba iliyonunuliwa ilikuwa ya kupitisha mojamoja. Alasiri ikawakuta kamba imekwisha na upande wa miguuni uko wazi.

Hapo halijaharibika neno. Ami alicheka, akasema anakwenda sokoni mara moja kununua hata kamba ya nailoni, ifunge lile pengo, na usumba utafuata. Bibi akaguna juu ya nailoni lakini akakubali. Ami alikuwa anavaa viatu Mama alipotoka ndani amembeba Twahir. Mtoto alikuwa na homa kidogo tangu jana, na sisi tulidhani ni meno.

"Shemeji, mtoto anachoma," Mama akasema. "Mshike uone."

Ami alimgusa shingo, akakimbia barabarani kutafuta tuktuk. Wakaondoka wote watatu kwenda zahanati. Nikabaki na Bibi, na kitanda.

Walirudi jua likiwa linakaribia kuzama. Twahir alikuwa amepimwa, amechomwa sindano, amepewa dawa, na Mama ameambiwa amrudishe asubuhi, au wakati wowote hali ikibadilika. Alikuwa amelala kwa uchovu. Ami alikaa kizingitini akashika kichwa. Hakuna aliyetaja sokoni. Nani angemtazama Mama usoni amwambie anakwenda kutafuta kamba?

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mchicha na ndoo mkononi, na ndiyo maana niliona. Bibi alitoka polepole, akakizunguka kitanda, akalitazama lile pengo. Kisha akavua viatu, akavipanga vizuri, akajifunika leso, akapanda. Hakulala juu ya mkeka, alilala juu ya kamba tupu. Hakuwa mrefu, lakini alijisukuma chini kwa makusudi mpaka miguu yake ikapita kwenye pengo ikaning'inia.

"Kama wataka mtu," akasema, kwa sauti ile ile aliyomsemesha muuza samaki, "mtu ndiye huyu. Wengine waache."

Adhana ya magharibi ikaingia. Aliniona nimeganda. "Mwagilia mchicha, mjukuu wangu. Kisha nenda ndani kwa mamako."

Nilimwagilia. Nilimwaga ndoo nzima mahali pamoja, na mchicha wa pale ukang'oka. Nilikuwa naogopa kupita kiasi, na hofu yangu ilikuwa ya ajabu kwa kuwa sikujua niombe nini. Nikitaka Twahir apone, ni kama nasema Bibi achukuliwe. Nikitaka Bibi aamke, ni kama namtoa Twahir. Nikalala nimejifunika shuka gubigubi, sikuomba chochote.

Asubuhi Bibi alikuwa hai. Mashavu yake yalikuwa na alama za kamba, macho ya pembe nne yamechorwa kwenye ngozi. Twahir alianza kukakamaa kabla hata chai haijachemka. Safari hii tuktuk ilipatikana upesi, lakini hawakufika. Alifia barabarani, mapajani mwa Mama. Ami ndiye aliyemwambia dereva ageuze.

Bibi alipoiona tuktuk inarudi mapema vile, alielewa. Hakupiga ukemi kama majirani. Alikwenda moja kwa moja uani akakipiga kitanda kwa kiganja, mara kwa mara, kama mtu anayempiga mtoto mtundu.

"Nilikuwa hapa," akakiambia. "Si nilikuwa hapa? Si nilikuwa hapa hapa?"

Baada ya matanga Ami alifunga pengo kwa nailoni ya samawati, kwa kuwa seremala haachi kazi nusu. Bibi hakukilalia tena. Alilala chini kwenye mkeka mpaka mwisho wa maisha yake, na aliishi miaka mingi, zaidi ya alivyotaka, kama alivyotuambia mara nyingi. Kitanda kikaingia stoo.

Kwa muda mrefu niliihadithia habari hii kama swali. Nikikutana na watu wa imani hizo niliwaambia ilikuwa kweli, kitanda kililala wazi na mtu akaenda. Nikikutana na wasomi niliwaambia ilikuwa malaria, na homa ilianza kabla kamba haijakwisha. Yote mawili ni sahihi, na hakuna hata moja lililowahi kunituliza.

Kaskazi hii nimekitoa stoo. Mbao ni nzima, ila vumbi na mchwa kidogo kwenye mguu mmoja, na nimekuwa nikikaa nacho uani jioni, msasa mkononi, wanangu wakimwagilia bustani ambayo bado ni ya Mama. Yeye sasa hawezi kuinama. Hukaa kwenye kiti akituambia ni wapi hapajapata maji. Juzi alikuwa akitazama maua ya mbao.

"Nilimwona," akasema.

Nikamuuliza nani.

"Bibi yako. Nilikuwa dirishani na Twahir begani. Nilimwona anavua viatu, anapanda." Alizungumza bila kunitazama. "Mimi, niliyekuwa namcheka. Nikamwomba Mungu akubali. Nikasema, mchukue huyu mama, uniachie mwanangu. Niliomba kwa moyo wangu wote."

Nikauweka msasa chini. Nikamuuliza kama Bibi alijua.

"Aligeuza kichwa akaniona. Akaniitikia, hivi." Mama akatikisa kichwa mara moja, polepole, vile mtu anavyokubali ukimwomba akubebee mzigo.

Nikakumbuka miaka yote iliyofuata. Namna Mama alivyokuwa akimwogesha Bibi uzeeni, akimkata kucha, akimlisha uji kwa kijiko, akiamka kabla ya sisi sote kwenda kusikiliza kama anapumua. Majirani walimsifu: mkwe gani siku hizi! Na mimi nilijivunia. Kumbe kila alfajiri Mama alikuwa akimkuta yu hai mtu aliyewahi kumtoa kwa Mungu, na Bibi alikuwa akifungua macho na kumwona yule aliyekubali atolewe. Walikunywa chai pamoja. Hawakulisema hata siku moja.

Nilitaka kumwambia Mama kwamba mama yeyote angeomba vile, kwamba mimi mwenyewe, kwa mmoja tu kati ya hawa wanaomwaga maji pale, ningeomba hivyo hivyo bila kupumua. Ni kweli. Lakini neno hilo lingemsaidia nini? Walijitoa wote wawili, mmoja mwili wake na mwingine dhamiri yake, na hakuna aliyekuja kuvichukua.

Mama akaniuliza kwa nini nalia. Nikasema ni vumbi la msasa, akasema basi nijifunge leso puani.