Jeki Uliweka Wapi?

Ipo asubuhi moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka viganja vyangu vinatoka jasho. Nilikuwa fundi wa miaka miwili tu kwenye gereji moja hapa Bombambili, Songea, lakini kiburi changu kilikuwa cha fundi wa miaka ishirini. Usicheke. Juzi nimekusikia wewe mwenyewe ukimfokea mteja.

Dereva mmoja, Kapinga, alileta pikapu yake akiwa safarini kwenda Tunduru. Ndani alikuwa amempakia mama yangu mzazi, anayepelekwa hospitali ya Mbesa kutibiwa.

"Fundi, mbele kushoto kunagonga," akasema. "Nikiingia shimoni au nikikata kona, ko, ko."

Mzee Bakari, Myao wa Tunduru aliyenifundisha kazi, alikuwa hajafika. Ilinipasa nimngoje. Lakini mama alikuwa ameketi kiti cha kushoto, rozari mkononi, ananitazama, nami nikataka aone kwamba mwanawe amekuwa mtu. Ule mkono wa chini, chuma kinachobeba tairi, ulikuwa umejaa tope na jeki ikateleza mara mbili, na kuusafisha kungetaka nipige magoti kwenye tope. Basi nikaihamishia chini ya chesisi, fremu ya gari, nikainua, nikashika tairi juu na chini, nikatikisa kupima boljointi, kile kiungo kinachounganisha mkono na tairi. Halikucheza. Nikatangaza kwa sauti, mama asikie: "Boljointi nzima! Hiyo ni shokapu tu. Nendeni salama."

Wakaenda.

Mzee Bakari alinikuta nakunywa chai. Nikamwamkia shikamoo, nikamsimulia kwa majivuno. Aliuliza jambo moja tu.

"Jeki uliweka wapi?"

"Chini ya chesisi, mzee."

Akavua kofia yake, akaivaa tena. "Ukiinua chesisi, springi inausukuma mkono, boljointi inabanwa. Hata iwe imekwisha kabisa, tairi halitacheza. Jeki inakaa chini ya mkono, boljointi ipumue, ndipo iseme ukweli. Nimekuambia mara ngapi? Nani yumo kwenye gari hilo?"

Nilipomwambia, hakunitukana, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Alitia boljointi mpya, jeki, spana, nyundo na mtaimbo kwenye gunia, akawasha pikipiki, akaniambia panda.

Siku hizo hakukuwa na simu za mkononi wala lami ya kwenda huko, vumbi tupu. Boljointi ikichomoka, tairi linalala ubavu na usukani hausikii tena. Upande wa kushoto ndio huo alioketi mama. Kila kona nilifumba macho, na nikiyafumbua natafuta magurudumu yaliyotazama mbinguni. Watu husema ajali haina kinga. Uongo! Nyingine kinga yake ni tope kidogo tu kwenye nguo. Nilisali sala zote nilizozijua, zikaisha, nikazianza upya, na Mzee Bakari naye namsikia mbele yangu, "Ya Rabi, ya Rabi."

Tuliwakuta karibu na Namtumbo, wanakaribia mteremko wa kwenda darajani. Tulimpita Kapinga tukipunga mikono kama wendawazimu, akasimama. Mzee Bakari hakusalimia mtu. Aliweka mawe nyuma ya magurudumu, akaweka jeki chini ya ule mkono wa chini, akainua, akaniambia nishike tairi. Nikalitikisa kidogo tu, likachezacheza kama jino bovu. Alipogusa kwa mtaimbo, kile kichwa cha mviringo kikachomoka chenyewe kwenye kikombe chake. Kapinga akakaa chini barabarani, akashika kichwa.

Mama alikuwa ameshuka. Nikamwuliza, "Mama, hukusikia inagonga?"

"Nimeisikia tangu Songea, baba," akasema kwa upole. "Nimeogopa sana. Nilitaka kumwambia dereva asimame. Lakini wewe ndiye uliyesema ni nzima, nikaona nitakutia aibu."

Mwanangu, hakuna kofi lililowahi kuniuma hivyo.

Mzee Bakari alinifanya niifunge ile mpya kwa mikono yangu. Kulegeza nati, kugonga shingo iachie, kusafisha, kukaza, kutia pini ili nati isirudi. Nilipomaliza alikagua, kisha akasema, "Sasa ukae wewe kushoto, juu ya tairi lako, mpaka Mbesa. Mama akae katikati." Nilikaa. Njia nzima niliusikiliza ule upande, na mama akalala begani kwangu.

Ndiyo maana mpaka leo kila gari ninalolitengeneza magurudumu ya mbele, wa kwanza kulipanda ni mimi. Vijana wananicheka kwamba mzee anapenda lifti. Wacheke.

Sasa nisikilize. Kuuliza si ujinga, na "sijui, tumngoje mzee" haijamuua mtu. Lakini neno "nzima" likitoka kinywani mwa fundi, watu wanaacha kuamini masikio yao wenyewe. Wanaokupenda ndio wataacha kwanza. Kwa hiyo usiliseme kabla hujapiga magoti kwenye tope, na kama umekwisha kulisema na moyo unasita, wakimbilie, uwasimamishe, uaibike mbele yao.

Mungu akupe mikono isiyochoka kurudia kazi, na ulimi usioona haya kusema nimekosea. Na wote watakaopanda gari kwa neno lako, wafike.