Neno Nililompelekea Bwana Mgonjwa

Nilikuwa karani wa shamba la mkonge huko Pangani, na nakiri nilipenda kujikweza kwa Kiingereza kigumu. Kamusi ilisema "undertake" ni kukubali kubeba kazi. Basi mbebaji, nikaamua mwenyewe, ni "undertaker".

Meneja alipougua homa wiki nzima, nilivaa koti jeusi nikaenda nyumbani kwake mchana, nijitolee kumshikia kazi. Mapazia yote yalikuwa yamefungwa, na ndani hamkusikika hata pumzi. Mkewe akafungua mlango.

"Mimi ndiye undertaker wa bwana," nikamwambia kwa Kiingereza, nikiinama.

Akarudi nyuma. Mpishi wao akanivuta mkono. "Karani, umesema umekuja kumzika!"

Kutoka chumbani gizani, sauti nyembamba ya meneja ikaita kwa Kiswahili: "Mwambieni angoje kidogo."