Siku Furu Wangu Walipolewa Mbele ya Wakwe

Aibu niliyoipata mimi mbele ya baba yake Zuhura sidhani kama kuna mwingine hapa Musoma ameshawahi kuipata, na kwa vile mtakuja kuisikia kwa watu na wataitia chumvi, bora niwasimulie mwenyewe, ila mnicheke taratibu, mimi ni mtu mzima.

Mnanijua, mimi ni fundi simu, kibanda changu kipo karibu na soko la Mwigobero na chumba na sebule nimepanga kule Nyakato. Na nina ugonjwa mmoja, nafugaga samaki kwenye tangi la kioo, tena siyo wale wa rangi wanaotoka nje, ni furu hawa hawa wa ziwani mnaowakaanga mkala na ugali (majirani wakipita dirishani lazima waulize kama bado hawajaiva). Sasa kipindi hicho nilikuwa nimetoka kwenye samaki nimehamia kwenye majani, yaani nataka bustani chini ya maji kama nilivyoona kwenye video mtandaoni, lakini majani yangu yamepauka, yamelegea, kumbe na yenyewe yanahitaji hewa ya ukaa, hii hii tunayoitoa tukipumua. Wenzetu huko wana mitungi maalumu na mita zake. Mimi nikajifunza njia ya watu wa hali yangu: unaweka sukari, maji na hamira kwenye dumu, unatoboa kifuniko unapitisha mpira wa dripu mpaka kwenye tangi, unaziba kwa gundi, basi hamira ikianza kuila sukari inatoa hewa, hewa inaingia majini vipovu vipovu, majani yanashiba. Na inafanyaga kazi kweli, ukiweka hamira kidogo.

Zuhura yeye ni binti wa mfanyabiashara wa nguo pale Bunda. Sisi wawili tulishakubaliana na wazee wangu walishapeleka posa, ila baba yake akasema hatoi jibu mpaka aje kwa macho yake aone huyo anayemtaka binti yake anaishije. Zuhura akanipigia simu akanionya, kwamba baba hana shida na ufundi simu, hana shida na nyumba ya kupanga, lakini mchumba wa dada yake Zuhura alikataliwa kwa sababu ya pombe na mzee mpaka leo hajasahau, kwa hiyo niwe makini. Nikacheka sana. Mimi ambaye hata soda inanipanda puani!

Siku yenyewe ikafika, dada yangu Rehema akaja kutoka Kamunyonge kunipikia pilau la wageni, mimi nikadeki, nikavaa kanzu, nikajitazama kwenye kioo nikajikubali. Kisha nikaliangalia tangi. Vipovu vinatoka kimoja kimoja, kwa uvivu, nikaona hapana, mkwe akija akute maji yanameremeta vipovu ajue kijana ana kichwa. Nikatengeneza dumu jipya, nikamwaga hamira pakiti nzima, nikaongeza na nyingine (msiniulize kwa nini), nikatia na maji ya uvuguvugu ili iamke haraka. Dumu nikalificha nyuma ya kochi kubwa, nikalifunika kitambaa. Hapo nikajiona nimemaliza kazi.

Mzee akaja baada ya Adhuhuri akiwa na dada yake, shangazi Mwanaidi. Mzee ni mtu mkubwa wa mwili, mpole, mkimya, kanzu nyeupe imenyooshwa mpaka inatisha. Nikamkaribisha, naye akachagua kochi lile lile kubwa, sasa mkwe unamwambiaje asikae hapo? Mwanzo mambo yalikuwa matamu, akauliza habari za kazi, akasifia usafi. Halafu akavuta pumzi kupitia puani, akamtazama shangazi, na shangazi naye akanusa.

"Mwanangu," akasema taratibu, "humu ndani kuna nini kinachacha?"

Jamani, ukweli ulikuwa mrahisi kabisa, tangi liko mbele yake, ningesema tu baba ni chakula cha majani yale pale. Lakini maneno ya Zuhura kuhusu pombe yakanijia yote kwa pamoja, nikaona nikilitaja dumu nimemkosa mtoto wa watu. Nikasema ni hamira, dada kaumua unga wa maandazi. Shangazi uso ukamchangamka, akasema basi ngoja akamsaidie kusukuma, akaenda jikoni kabla sijapata cha kusema, na huku sebuleni mimi na mzee tukamsikia Rehema kwa sauti yake ile isiyojua kunong'ona akiuliza maandazi gani tena shangazi, wakati yeye kaitiwa pilau.

Shangazi akarudi, akakaa, akapakata mkoba wake. Mzee, nadhani ili asiniangalie mimi, akageukia tangi. Na ile hewa ya ukaa ilikuwa imeshazidi majini, furu wote wamepanda juu midomo wazi wanahema, mmoja kalala upande, anakwenda mshazari anajigonga kwenye kioo. Mzee akawatazama muda mrefu.

"Na hawa," akauliza, "nao wanakunywaga?"

Nikaruka. Nikakibana kile kigurudumu cha mpira wa dripu ili hewa isiingie tena, nikachukua jagi nikawa nachota maji ya tangi nayamwaga humo humo kutoka juu ili samaki wapate pumzi, huku naeleza habari za majani kwa haraka kiasi kwamba hata mimi sijielewi. Nilichosahau ni kwamba dumu nalo lilikuwa linapumulia kwenye mpira ule ule. Nyuma ya kochi kukasikika kitu kama mtu anakoroma, kisha kifuniko kikafyatuka kikagonga dari, na povu lote likamshukia mkwe wangu, kofia, mabega, mgongo. Sebule nzima ikanuka kilabu cha pombe.

Majirani wakajaa mlangoni. Mimi nikalivuta lile dumu katikati ya zulia, nikapiga magoti na jagi mkononi, nikasema, "Baba, ni ya majani. Wallahi ni ya majani." Huko nje wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

Mzee hakucheka wala hakufoka. Kwa sababu asingeweza kurudi Bunda ananuka vile, nikampa kanzu yangu nyingine, ikamfika magotini na kumbana tumboni, na hivyo hivyo akatoka kwenda kwenye gari yake, anaitikia salamu za majirani mmoja mmoja. Akaniambia tu niwaangalie samaki wangu. Pilau halikuguswa, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Furu walipona. Mimi sikupona. Nilikaa kibandani nafungua simu za watu nasahau nilifungua nini, nampenda Zuhura jamani, na kila nikimfikiria naiona ile kanzu fupi inaondoka. Mpaka siku akanipigia mwenyewe, akasema baba amekubali. Nikadhani ananitania, nikamuuliza amekubali vipi.

"Hata mimi nilimuuliza," akasema. "Anasema kijana yule hana pombe, na kudanganya hajui kabisa. Eti nikuchukue tu, maana ukinificha kitu nitajua siku hiyo hiyo."

Tumeoana. Majani nimeyaacha yapauke yanavyotaka, na hamira sinunui tena hata ya maandazi. Na uongo nao nimeukoma, siyo kwa uchamungu, ni kwamba nikichelewa kurudi nikaanza tu kutunga maneno, mke wangu ananikaribia pale mlangoni, ananusa.