Mtu Aliyekunywa Msitu

Shemeji yangu Chediel hakuzaliwa mchovu. Nilipoolewa na mdogo wake, alikuwa na mwendo wa mtu anayewahi mnada. Kilichomchosha ni msitu wa Ilunda, huu unaoanzia nyuma ya mashamba yetu ya alizeti, upande wa Misigiri, ukaenda kuizunguka chemchemi tunakoteka maji.

Uenyekiti wa kamati ya msitu aliupata kwa sababu hakuwepo kwenye mkutano. Waliokuwepo walitazamana, kila mmoja akaona kazi ile inamfaa mtu aliye machungani. Aliporudi na ng'ombe jioni akaambiwa hongera.

Zamani kazi ya msitu haikuwa na shida ya watu. Balozi wa nyumba kumi alipiga baragumu, tukatoka na majembe huku tunanung'unika, na asiyetoka alitoa kuku. Halafu ikaja miaka ya ruksa. Duka la ushirika likafungwa, maduka ya watu binafsi yakafunguliwa, mitumba ikajaa mnadani, na malori kutoka mjini yakaanza kusimama barabara kuu, madereva wakiuliza mkaa unapatikana wapi. Balozi akipiga baragumu, vijana wanamwuliza yeye ni wa chama gani.

Basi hakuna aliyefyeka mkanda wa moto. Mkanda ni kazi ya kuparura nyasi zote, upana wa barabara, kuuzunguka msitu, ili moto wa kiangazi ukifika ukose cha kula. Ilunda ikaungua miaka miwili mfululizo, na chemchemi ikawa ya kuchota kwa kata, mwanamke mmoja mmoja, wengine tumekaa foleni na ndoo zetu tukisutana. Mkutano wa kijiji ukaitwa. Wenye hamu ya mkaa walisema msitu unaoungua bure ni heri uunguzwe kwa faida. Chediel akasimama akaomba mwaka mmoja. Wakampa, kwa sharti kwamba ukiungua tena, malori yanaingia.

Alianza kwa kuhubiri. Alipita nyumba kwa nyumba akieleza habari za mvua na vizazi vijavyo, watu wakamkaribisha kiti, wakamsikiliza kwa adabu, wakamsindikiza mpaka njiani. Siku ya kazi alikwenda yeye na mjomba wake, mzee Mughwai, ambaye anakohoa kuliko anavyofyeka. Jioni Chediel alikuja jikoni kwangu, viganja vimechunika, akakaa kwenye kigoda. Nilimpa maji. Akanywa, ndipo akauliza.

"Shemeji, hawa watu huwa wanakwenda wapi bila kuitwa?"

"Wanakwenda penye pombe," nikamwambia, "penye ngoma, na penye mtu wa kumcheka."

Akachukua mawili, la tatu akaliacha.

Akakigawa kijiji, Mlimani na Bondeni, kila upande uanze kufyeka kutoka kwake, wakutane chemchemini. Watakaochelewa kufika watawabebea wenzao majembe na ngoma mpaka nyumbani. Pombe ya mtama apike Kristina, ambaye hana mpinzani tangu hapa hadi Nduguti, na kwa watu wa kanisa iwepo togwa. Kijiji kikachangamka. Vijana waliokuwa hawasikii tena baragumu walianza kutishana wiki nzima kabla. Mlimani walisema wa Bondeni wana migongo ya kulalia, Bondeni wakajibu kwamba wa Mlimani jembe wanalijua kwa kulisikia.

Kristina alimwuliza mara moja tu habari za kuni. Chediel alikuwa anakimbilia kuazima ngoma, akamjibu bila kusimama kwamba kuni hazikosekani. Sasa pombe ya kijiji kizima haipikwi kwa vijiti. Mapipa yanachemka mchana kutwa, yanataka gogo nene linaloshika moto. Gogo nene liko wapi, nyie? Kristina na wenzake walichukua mashoka wakaenda palipo na miti minene na maji karibu, juu ya chemchemi, wakaangusha miti ya mitundu, wakapika hapo hapo karibu. Hawakuiba. Walipewa kazi na mwenyekiti, na mwenyekiti aliwaambia kuni hazikosekani.

Siku ilipofika, sijapata kuona watu wengi vile kwenye kazi isiyo na malipo. Nyasi zililala kama zimesombwa na maji. Chediel alikuwa anakimbia huku na huku na kofia yake mkononi. Bondeni tulifika kwanza chemchemini, tukiruka na kupiga vigelegele, na hapo vigelegele vikakatika. Mbele yetu palikuwa na visiki vyeupe, vibichi, bado vinatoa maji, na pembeni mapipa ya pombe yanafuka.

Chediel alifika, akavitazama. Watu wakamtazama yeye.

Jenipher ndiye mwimbishaji wetu, na ulimi wake haujawahi kupoa. Akapiga kofi moja, akaanza kwa Kinyiramba, maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama haya:

Chediel ee, umekunywa msitu,
tuachie mizizi tutafune.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kristina alijipenyeza na upawa wake, akataka kusema kwamba shoka lilikuwa lake. Chediel akamzuia kwa mkono.

"Aliyesema kuni hazikosekani ni mimi," alisema. "Imbeni. Lakini majembe yasisimame."

Hayakusimama. Kipande kilichobaki kiliisha jua likiwa bado juu, kwa wimbo ule ule mmoja. Moto ulikuja Septemba, kutoka mbugani, mchana wa upepo. Ukafika mkandani, ukatafuta pa kupita, watu wakaupiga kwa matawi huku wanaimba kwamba Chediel asije akaunywa na moto pia. Ukafa. Malori yakaambiwa yaendelee na safari.

Mwaka uliofuata watu hawakuuliza habari za pombe. Waliuliza siku ya wimbo ni lini. Walikuja hata wa kijiji jirani kumwona mtu aliyekunywa msitu. Kuni siku hizi kila nyumba inaleta za shambani kwake, mabua ya alizeti na magunzi. Kristina analalamika kwamba huko ni kupika kwa viberiti, na pombe imebaki ya kulowesha midomo tu. Wanakuja hivyo hivyo, kila mwaka na ubeti mpya.

Mwaka jana Chediel alituma neno kwamba magoti yanamwuma. Watu walifika, wakasimama na majembe begani, wakamtafuta kwa macho. Jenipher alianza wimbo, ukafia mdomoni. Mmoja akakumbuka ana mbuzi wa kuangalia, mwingine akakumbuka mgeni. Nikaona mkanda unaondoka hivi hivi. Nikaenda kwake karibu nakimbia, na mimi si wa kukimbia tena.

Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikamsalimia, akaitikia bila kuinua uso.

"Nimechoka kuwa ngoma yao, shemeji," akasema. "Wajukuu wangu wananiimba mezani."

"Na mimi nimechoka kuteka kwa kata. Inuka."

"Kwani huwezi kuwaanzishia wewe?"

"Nitaanzisha. Tutamwimba nani?"

Alikaa akipukuchua mpaka gunzi likawa jeupe, na bado vidole vinatafuta punje. Kisha akaliweka kwenye rundo la magunzi ya Kristina, akachukua kofia, akachukua jembe. Magoti yalikuwa yanamwuma kweli, niliona njiani.

Walimwona tangu mbali, na Jenipher hakungoja afike. Majembe yakashuka begani. Chediel akapita katikati yao, kichwa chini, akaingia kwenye mstari, akaanza kuparura. Kiitikio kilipofika nilisikia sauti yake karibu yangu, ya chini, haina raha ndani yake, ikiitikia pamoja na wengine, kwa sababu jembe lile halinyanyuki bila kuitikia.